Lamduan na Herufi Zenye Vichwa

Lamduan hamwamini mtu anayesema "nzuri". Nimefanya naye kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha bosi Heng, hapa Phetchaburi, kusini ya Bangkok, yeye kwenye kompyuta, mimi kwenye mashine, na sijawahi kumwona akimwonyesha mtu karatasi na kumuuliza, "Unaionaje?" Anasema hilo ni swali la kupoteza muda. Watu wetu ukiwauliza hivyo watasema nzuri, hata kama umewapa karatasi imegeuzwa, maana hakuna anayetaka kumtia mwenzake aibu.

Yeye ana njia yake. Akitaka kujua kama fonti, yaani mtindo wa herufi, inafaa, anaandika sentensi moja aliyoitunga mwenyewe, ya ovyo kabisa, habari za bata na shangazi na ngazi, lakini karibu kila neno lina irabu iliyokaa juu ya herufi na alama ya kupandisha au kushusha sauti iliyokaa juu ya irabu. Fonti mbovu inajulikana hapo hapo. Alama zinagongana, au moja inaelea peke yake huko juu utadhani haina kwao. Fonti ikifaulu, anaipunguza mpaka ukubwa wa maandishi ya chupa ya dawa, anaichapa kwenye karatasi duni kuliko zote, kisha anaitoa kopi, na ile kopi anaitoa kopi tena. Halafu anaandika kwa fonti hiyo agizo la vitafunio, mistari mitano, na kumpelekea mama anayeuza keki za mayai na nazi pale sokoni, mwenye umri wa miaka sabini na tatu. Hamwambii kitu. Anampa karatasi na kusubiri. Agizo likija sawasawa, fonti inabaki. Likija kombo, inafutwa.

"Humpi mtu herufi azitazame," ananiambia kila mara, kama vile sijasikia. "Unampa kazi aifanye."

Mimi ndiye ninayekula maagizo yaliyokuja kombo, kwa hiyo fonti mbovu za nchi hii nazijua kwa tumbo.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na nane, ametoka ofisi ya wilaya ambako alikuwa mpiga chapa. Aliolewa mara moja, wakaachana bila kelele, sasa anaishi na dada yake na mbwa mmoja mzee. Hapayuki, hasengenyi. Ukimchokoza anakutazama juu ya miwani mpaka ujione mjinga. Nimemchokoza sana na nimejiona mjinga sana.

Sasa, mwaka mmoja bosi Heng aliamua kusafisha nyumba. Kompyuta yetu ilikuwa na fonti zaidi ya elfu sita, zimeokotwa huku na huko, za kwenye diski za zamani, za kupewa na rafiki wa rafiki, hazina leseni, na nusu yake zina kasoro. Bosi akamwambia Lamduan, "Chagua mkusanyo mmoja. Mmoja tu, wa halali, wa maana. Huo ndio tutautumia mpaka nife."

Lamduan alichukua wiki tatu. Mkusanyo aliokuwa anauelekea ulikuwa kitu kidogo, familia kumi na moja tu za herufi, kila familia na nyembamba na nene zake, zimechorwa na mume na mke huko Nonthaburi. Nilimcheka. Nikamwambia, dada, tuna elfu sita wewe unataka kumi na moja? Akaniita nisogee, akaikuza herufi moja kwenye kioo mpaka ikajaa. Akanionyesha jinsi ile nene ilivyochorwa upya, si nyembamba iliyovimbishwa. Akanionyesha tarakimu zenye kimo kimoja na maneno. Akanionyesha vichwa.

Herufi zetu nyingi huanza na kiduara kidogo, nasi tunakiita kichwa. Watu wa matangazo siku hizi wamevikata. Ukipita barabarani mabango yote hayana vichwa, na hata simu nyingi huja hivyo hivyo. Ni safi, ni za kisasa, na mimi nilizipenda kwa sababu yangu: vichwa hujaa wino. Nikichapa kitabu kirefu cha vichwa, nasimamisha mashine na kuosha mara mbili zaidi. Lakini vichwa vya wale watu wa Nonthaburi vilikuwa wazi hata katika kopi ya kopi. Hilo sikumwambia Lamduan kwamba nimeliona.

Kabla hajamjibu bosi, akaja Phanu.

Phanu ni mtoto wa marehemu mzee Thawin, aliyekuwa karani wa stesheni ya treni, mtu aliyejulikana na mji mzima. Mwili ulikuwa unasubiri hekaluni siku mia zitimie, kama ilivyo desturi yetu, na familia ilitaka kitabu cha habari zake cha kugawia wageni siku ya kuchoma maiti. Phanu anafanya kazi katika kampuni ya matangazo Bangkok. Alikuja na kompyuta yake, na ndani yake mkusanyo wa familia themanini, hazina kichwa hata kimoja. Akamwambia bosi kwamba tukikichapa kitabu cha baba yake kwa herufi hizo na kikapendeza, kampuni yake itatupatia mkusanyo wote, na leseni juu. Bosi Heng akaniangalia. Mimi nikaangalia mashine yangu na kufikiria namna isivyohitaji kuoshwa. Kwetu sisi wawili kazi ilikuwa imekwisha.

Lamduan akauliza, "Mama yako ataweza kukisoma?"

"Mama anasoma vizuri, dada. Baba alimfundisha mwenyewe, kwa matangazo ya stesheni."

"Nimeuliza hiki kitabu."

"Atasoma," Phanu akasema, akafunga mjadala kwa kufunga kompyuta.

Lamduan alikuwa na sababu ya kuuliza. Wiki iliyotangulia bibi Chaluai, mjane wa mzee Thawin, alileta picha za mumewe zimefungwa kwenye kitambaa, akakaa karibu na kompyuta akala keki yetu moja, akasema hana matakwa. Watoto wafanye watakavyo. Kuna jambo moja tu: hicho kitabu akisome mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa miaka mingi mzee Thawin ndiye aliyekuwa akimsomea kila kitu, gazeti, barua, hata ujumbe wa kwenye simu, na yeye akasikiliza huku akichambua mboga. "Sasa nani atanisomea habari zake?" alisema. "Itabidi nijisomee."

Mama na mwana hawakuwa na maelewano. Phanu alinieleza mwenyewe, tumesimama mlango wa nyuma akivuta sigara. Baba yake alipolazwa, yeye alikuwa kwenye kikao, akamwandikia mama ujumbe akimuuliza aje au la. Mama akamjibu kwa picha ya ua.

"Ua?"

"Ua, kaka. Yale ya kutakiana asubuhi njema. La rangi ya machungwa, maana ilikuwa Alhamisi, na kila siku ina rangi yake. Nikajua basi, hali si mbaya. Baba akafariki usiku ule ule." Akaikanyaga sigara. "Miaka yote namwandikia, ananirudishia maua. Ningeandikia ukuta ningejibiwa zaidi."

Nikarudi ndani.

Siku ya kuamua, Lamduan aliwaita wote wawili, mama na mwana. Alikuwa amechapa ukurasa mmoja mara mbili, maneno yale yale, ukubwa ule ule, karatasi ile ile. Mmoja kwa herufi za Phanu, wa pili kwa herufi za Nonthaburi. Bosi Heng akatoka ofisini kwake, mimi nikazima mashine. Phanu akakaa, mama yake akakaa kiti cha tatu kutoka kwake.

Lamduan akampa bibi Chaluai ukurasa wa kwanza, ule wa Phanu. "Mama, naomba unihakikishie habari za mzee. Kama kuna kosa, nirekebishe kabla hatujachapa."

Bibi akaushika kwa mikono miwili. Akautazama muda wa kutosha. Macho yalishuka taratibu mpaka chini. Akatabasamu.

"Nzuri," akasema. "Iko sawa kabisa. Mwanangu ana kipaji."

Phanu akamgeukia bosi kwa uso wa mtu aliyeshinda. Bosi akaanza kuinuka. Nami, niseme ukweli, nilikuwa nimeshakubali moyoni.

"Kaa kidogo, bosi," Lamduan akasema. "Mama, kuna nakala nyingine. Isome na hii tafadhali."

Bibi akaupokea wa pili. Safari hii akaulaza mapajani, akaweka kidole, na midomo ikaanza kutembea. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mara ya kwanza midomo haikutembea hata kidogo. Kidole kilikwenda mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katikati ya wa nne kikasimama. Kikarudi nyuma. Uso ukabadilika.

"Nani kaandika uongo huu?"

"Upi, mama?"

"Eti 'tunda alilolipenda kuliko yote ni duriani.' Thawin? Huyu mume wangu?" Alikuwa amekasirika kweli. "Mtu aliyekataza makapu ya duriani yasipite karibu na dirisha lake pale stesheni kwa ajili ya harufu? Nikinunua mimi, alinitoa nje nikae kwenye ngazi mpaka nimalize na kunawa. Miaka hamsini na minne nimekula duriani kwenye ngazi. Futa hilo, binti. Watu watanicheka."

"Nitalifuta," Lamduan akasema. "Nimeliweka mimi. Nisamehe, mama." Akainamisha kichwa, viganja pamoja. "Liko kwenye kurasa zote mbili."

 Phanu akauchukua ukurasa wa kwanza, wake, akautafuta mstari wa nne. Duriani ilikuwepo, nyeusi, safi, na kubwa ya kutosha.

"Mama," akasema, "hukuliona hapa?"

Bibi Chaluai akakunja kitambaa chake. Alikuwa na aibu, na mimi nilitamani niwe mahali pengine. "Hizo zako ni za watu wa kisasa," akasema. "Kwangu zinafanana zote. Lakini zinapendeza, mwanangu. Sikutaka kukuvunja moyo."

"Na kwenye simu?"

"Hizo ndizo kabisa. Baba yako alikuwa ananisomea."

Nilimwona Phanu akiganda. Akauliza taratibu, "Siku ile ya Alhamisi, nilipokuandikia."

"Nakumbuka. Baba yako alikuwa na mpira puani, hawezi kusema. Nikamwonyesha simu, nikamwambia, mwanao ameandika, bila shaka yuko njiani. Nikakutumia ua la kushukuru." Akamtazama mtoto wake. "Tukakusubiri."

Phanu akafunika uso.  Lamduan ndiye aliyesogea. Aliomba simu ya bibi, akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha herufi zikawa zenye vichwa, akazikuza kidogo. Akarudi nyuma katika mazungumzo yao, akipita maua, manjano ya Jumatatu, waridi ya Jumanne, kijani ya Jumatano, mamia ya maua, mpaka akaifikia siku ile. Akamrudishia bibi simu mkononi na kurudi kwenye kiti chake.

Kwa hiyo mkusanyo wetu ni huo wa familia kumi na moja, na naosha mashine mara moja zaidi, si mbili. Kitabu kilitoka vizuri, hakina ule uongo wa duriani. Ila duriani ikarudi ukurasa wa mwisho kwa ombi la bibi mwenyewe, na habari ya ngazi, na watu walicheka hekaluni kwa namna iliyomfurahisha.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni pale kiwandani, bibi Chaluai na simu yake. Aliweka kidole kwenye kioo, chini ya neno la kwanza. Midomo ikatembea. Alisoma kwa sauti, neno moja moja, kama alivyofundishwa stesheni.

"'Mama. Baba yuko vipi. Nije leo, au nisubiri Jumamosi?'"

Akamaliza, akairudia tena kimoyomoyo kuhakikisha. Halafu akahama viti viwili, akakaa karibu na mwanawe, akamshika mkono.

"Leo," akasema. "Njoo leo."