Tuzo iliyofika nyumbani kabla ya Kidega

Saa mbili asubuhi, na chai ya wodi ya wanaume imeshaanza kupoa. Kidega Odoch anavuta kiti cha plastiki hadi kwenye kitanda cha pembeni, anaketi. Kitandani yupo kijana mwendesha bodaboda, aliyeletwa na kaka zake Jumapili akiwa amefungwa kamba. Tumwite Kamis. Tangu jana amekataa dawa.

"Wewe ni daktari?" Kamis anauliza.

"Hapana."

"Nesi?"

"Hapana. Mimi nililala kitanda kile pale, karibu na dirisha."

Kamis anageuka kulitazama dirisha, kisha anamtazama upya mtu huyu mwenye shati lililopigwa pasi na beji ya chuo shingoni. "Na wakakuacha utoke?"

"Nilitoka. Sasa naingia na kutoka kila siku, mpaka nimechoka."

Kamis anacheka kidogo. Vidonge bado vimo kwenye kikombe, na Kidega havigusi. Anamuuliza habari za pikipiki yake, wanazungumzia bei ya matairi, halafu anasimama na kusogea kitanda kinachofuata. Nesi wa zamu anasema Kamis alivimeza mwenyewe baada ya chakula cha mchana.

Kidega, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mfanyakazi wa mkataba katika idara ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu kimoja jijini Kampala. Jina la chuo halitajwi hapa kwa ombi lake. Hakusomea udaktari wala uuguzi. Aliajiriwa kwa sababu aliwahi kuugua, akapata nafuu ya kumwezesha kufanya kazi, na yuko tayari kulisema hilo mbele ya mgonjwa.

"Mbele ya mgonjwa," anasisitiza. "Nje ya wodi ni habari nyingine."

Kiswahili chake ni cha kambini. Baba yake alikuwa sajini wa jeshi, mtu wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na familia ilihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine. "Nyumba ya kushoto walikaa Walugbara, ya kulia Wateso. Ukitaka kucheza mpira na watoto wao, lazima ujue Kiswahili," anasema.

Alipokua, alipata kazi ya ulinzi katika duka moja kubwa la jijini. Alikuwa na sare, bunduki, na redio ya mkononi. Ugonjwa ulianzia kwenye redio.

"Nilisikia mkubwa wangu ananiita, ananipa amri. Nikizima redio, bado ananiita. Sikumwambia mtu. Nikawa nalala nikiwa nimekaa."

Asubuhi moja alitembea hadi ofisi ya kampuni, akaiweka bunduki mezani pamoja na risasi zake. "Nikamwambia msimamizi, 'Afande, chukua hii. Kichwa changu hakiko sawa.' Niliona heri iwe mbali na mimi." Siku hiyohiyo alipelekwa hospitali. Kazini hawakumwita tena.

Mkewe, Moreen Akech, ni Mkenya kutoka Siaya anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, katika mtaa wa Namuwongo jijini humo. Yeye ndiye aliyebaki na watoto wawili katika nyumba yao ya kupanga mtaa wa jirani wa Kisugu. Mkubwa, Adero, alikuwa na miaka sita.

"Aliuliza baba yuko wapi, nikasema ameenda Iraq kulinda," Akech anasimulia huku akichambua dagaa. "Mume wa jirani yetu, mlinzi pia, alikuwa Iraq kweli. Uongo wangu haukuwa na shida ya kuaminika."

Kidega aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mtoto alimngojea mlangoni kuona kaletewa nini. Akech alikuwa ameshapita soko la Owino. "Nilinunua viatu vyekundu, nikasema vimetoka Iraq. Adero alilala navyo."

Ilichukua muda kabla Kidega hajafikiriwa kwa kazi ya wodini. Alibeba mizigo, alichoma chapati, aliugua tena mara moja, akapona. Daktari aliyemtibu ndiye aliyemwita idara ilipopata nafasi ya mtu aliyewahi kuumwa. Posho ni ndogo kuliko mshahara wa ulinzi. Alikubali.

Kwamba anaipenda kazi hiyo, hasiti kulisema. Uchovu wake pia hausitiri. Dawa anazomeza jioni humwacha mzito hadi asubuhi, na wagonjwa wengi ni walewale. "Mtu unamshika mkono mpaka getini, mnaagana vizuri. Baada ya miezi michache unamkuta amerudi. Hajakosea. Dawa zilikwisha, au nyumbani walimfungia. Lakini wewe unaanza upya."

Halafu kuna wanafunzi wa udaktari. Kila muhula husimama mbele yao darasani na kueleza habari za redio na bunduki. "Wanauliza maswali yaleyale, kwa adabu. Sina chuki nao. Ila kila muhula naugua tena mbele yao."

Desemba iliyopita, wafanyakazi wa idara walimpigia kura kuwa mfanyakazi wa mwaka. Kabla ya hapo, heshima hiyo ilikuwa imezunguka kati ya madaktari, wauguzi na makatibu. Babra Alal, anayeandaa jarida la habari za idara, alikwenda kumhoji.

Kidega alimpa sharti moja. "Nilimwambia, andika nafanya kazi wodini, nafundisha wanafunzi. Kuugua kwangu usikuweke. Kuna mtu nyumbani hajui."

Babra aliandika hivyo. Lakini mkubwa mmoja wa idara aliipitia habari hiyo kabla haijatoka, akaona imekosa utamu wake. Akaongeza sentensi: Bwana Odoch, aliyewahi kulazwa kwetu kwa ugonjwa wa akili, ni ushahidi kwamba tiba inafanya kazi. Ikapandishwa mtandaoni Ijumaa mchana, pamoja na picha ya Kidega akiwa ameshika cheti na kutabasamu.

Yeye wakati huo alikuwa bado kwenye sherehe. Alirudi Kisugu jioni na kipande cha keki kilichofungwa ndani ya foili. Akech alimpokea mlangoni.

"Hakunipongeza," Kidega anakumbuka. "Alichukua keki, akasema, 'Adero ameona.'"

Mzazi mmoja wa kanisani alikuwa ameituma habari hiyo pamoja na picha kwenye kundi la simu la wanakwaya, akiandika Mungu ni mwema; Adero aliikuta humo. Kutoka hapo ilienda kwa mtu mwingine, na mwingine. Jirani aliyezoea kuwaachia ufunguo wa nyumba yake alianza kuondoka nao. Mwenye nyumba alituma ujumbe kuuliza kama Kidega bado anameza dawa, kwa kuwa ana wapangaji wengine wa kuwafikiria.

Babra alikwenda nyumbani kwao Jumatatu. "Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, kwamba si mimi niliyeiandika ile sentensi," anasema. "Nilipomwona binti yake, nikaona haina maana. Jina lililo juu ya jarida ni langu. Niliomba radhi tu."

Habari iliondolewa mtandaoni, ingawa picha ilishasambaa. Aliyeongeza sentensi alimwomba Kidega msamaha katika kikao cha wafanyakazi wote.

"Alisema alidhani ananiinua, na mimi namwamini," anasema Kidega. "Lakini alinisemea jambo nililotaka kulisema mwenyewe, nyumbani kwangu, siku nitakayokuwa na nguvu. Siku hiyo nilikuwa naiahirisha kila mwaka."

Adero hakupiga kelele. Kwa zaidi ya wiki alimwamkia baba yake, akamwekea chakula, akaenda chumbani. Jumapili moja walikuwa wakiosha vyombo nyuma ya nyumba ndipo alipouliza, bila kuinua kichwa.

"Baba, Iraq kuna nini?"

"Sijui, mama. Sijawahi kufika."

Akaendelea kusugua sufuria. "Na vile viatu?"

"Owino."

"Nilijua. Kuna mtoto shuleni alikuwa navyo." Kisha: "Mlidhani nitakuogopa?"

"Ulikuwa na miaka sita."

"Sasa nina kumi na nne."

Kidega alichukua sufuria mkononi mwa binti yake, akamalizia kuisuuza.

Adero, ambaye wazazi wake walimruhusu kuzungumza na gazeti hili, ni msichana mwembamba anayefikiri kabla ya kujibu. "Ugonjwa haukunikasirisha," anasema. "Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nikiwasimulia wenzangu habari za Iraq. Nilitunga hata ngamia. Kumbe mama alinisikia siku zote, akaniacha."

Akech hakatai. "Nilimsikia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, sipati. Ningefanyaje?"

Jumamosi iliyofuata Adero aliomba kupaona mahali baba yake anapofanya kazi. Msimamizi wa wodi alikubali akae bustanini, ambako wagonjwa waliopata nafuu hupunga upepo. Mzee mmoja mwenye blanketi mabegani alikwenda kuketi karibu naye, akamuuliza amekuja kumwona mgonjwa yupi.

"Nimekuja na baba," Adero alimjibu. "Anafanya kazi hapa."

Kidega alikuwa akipita na ndoo ya maji ya kunywa. Anasema alipolisikia jibu hilo aliiweka chini kwanza, ndipo akaendelea.

Mambo hayakurudi kama zamani. Jirani bado anaondoka na ufunguo wake. Mwenye nyumba hajawafukuza, ila kila akija kuchukua kodi humtazama Kidega usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake.

Na wamekuja wengine. Wanawake wanasimama kwenye meza ya Akech huko Namuwongo, wanashika dagaa bila kununua, kisha wanauliza kwa sauti ya chini mumewe hupatikana saa ngapi. Mke wa polisi mmoja alimleta mume wake asiyelala. Mama mmoja alitoka Kasubi, upande wa pili wa jiji, na kijana wake wa kiume aliyeacha kusema. Kidega huwapokea barazani baada ya kazi, akawaeleza kliniki ipo wapi na siku gani, na mara nyingine huwasindikiza.

"Namwona anavyorudi," anasema Akech. "Anakaa kwenye kiti, hata viatu havui. Nikimwambia awakatae, ananiuliza waende wapi. Na mimi sijui waende wapi."

Mkataba wake unakwisha Juni. Ameiambia idara kwamba ataweka sahihi mpya iwapo tu wataajiri mtu wa pili wa kugawana naye kazi, na amependekeza mwanamke mmoja aliyewahi kulazwa wodi ya wanawake, ambaye sasa anashona nguo. Idara imesema inatafuta fedha. Jambo moja imeshalikubali: hakuna habari ya mfanyakazi yeyote itakayotoka kabla mwenyewe hajaisoma yote.

Habari hii pia aliisoma. Alifuta neno "shujaa" mahali palipokuwa na neno hilo, akairudisha.

Kabla ya Juni ana likizo, ya kwanza kwa muda mrefu. Mpango wake ni kwenda Gulu kwa mama yake, alale mpaka mwili ukatae, na Adero ameomba kufuatana naye.

"Ni saa nyingi ndani ya basi," anasema Kidega, akiyafunika macho kwa mkono. "Yeye ana maswali ya miaka minane. Na mimi mle sina pa kukimbilia."