Kitabu cha Salumu Nilichokiita Changu

Stashahada yangu ya kufundisha watoto wenye shida ya kuongea niliisomea majuu, kwa jasho langu mwenyewe. Lakini kituoni kwetu Kariakoo wazazi walimsifia Rehema, msaidizi asiye na hata cheti, kwa vitabu vya picha alivyotengeneza kwa maboksi ya dukani, ambavyo watoto walizungumza kwa kugusa picha zake. Nilimwonea wivu.

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha wazazi, mkuu wetu alikuwa anachagua msimamizi wa darasa. Rehema hakuwepo, basi nikachukua kitabu kipya, ambacho wazazi walikuwa hawajakiona, alichomtengenezea Salumu, mtoto asiyeongea kabisa, nikakiinua mbele ya mkuu na wazazi.

"Hii ni kazi ya mikono yangu," nikasema.

"Hongera, mwalimu!" akasema mama yake Salumu. "Haya baba, mshukuru mwalimu wako."

Salumu alikipokea, akagusa picha ya mkono uliowekwa kifuani, yaani asante. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho, ambao mimi sikuwa nimeufungua, akagusa picha ya Rehema ameshika mkasi.

Nikamsogezea uso wangu, nikitabasamu. "Asante nani, Salumu?"

Akanisukuma pembeni, akaigonga tena picha ya Rehema, safari hii kwa nguvu, mpaka walioketi nyuma wakasimama kuangalia.