Moyo wa Baba na Supu ya Wageni

Mwaka ule baridi ya Julai ilikuja na manyunyu, na Baba alipoanza kukohoa sote tulisema ni baridi imemwingia kifuani. Mama alimvalisha sweta mbili na kumpikia uji wa wimbi. Hatukuwa wajinga. Kwetu Uthiru, pembezoni mwa jiji, ambako babu alilima kabla hakujajaa nyumba za kupangisha, mwezi huo kila mtu hukohoa.

Ila kikohozi cha Baba kilikuwa na tabia yake. Akilala chali kilimjia, akiketi kilitulia. Alianza kurundika mito, mwishowe akahama kitandani, akawa analala kwenye kochi la sebuleni ameketi wima, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Viatu alivyovaa miaka yote ya ukarani havikumwingia tena. Ukimbonyeza mguu, kidole chako kiliacha shimo, na shimo lilichukua muda kujaa.

Nilimpeleka mjini kwa daktari mmoja Mhindi, mzee wa makamo, ambaye kliniki yake ilikuwa ghorofani na lifti haifanyi kazi. Baba alipanda ngazi akisimama kila mahali palipokuwa na kibao cha wakili au cha mshonaji, akikisoma kwa makini. Alitaka nidhani anasoma. Nami nilisimama kando nikajifanya nasoma pia, huku nikisikia pumzi yake ikikwaruza.

Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu.

"Kifua haina shida yake yenyewe, mzee," alisema. "Shida ni moyo."

Alituonyesha kwa ngumi zake mbili, amezibananisha. Moyo ni pampu mbili zinazofanya kazi pamoja, alisema. Ya kulia hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu, itue hewa chafu na kubeba safi. Damu hiyo hurudi upande wa kushoto, na pampu ya kushoto huisukuma mwili mzima, toka utosini hadi kwenye kidole cha mguu. Kisha akailegeza ngumi ya kushoto.

"Yako hii imechoka. Unakaa wapi, mzee?"

"Uthiru."

"Basi niambie. Asubuhi raundiabauti ya Westlands ikikwama, magari inarudi nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka Kangemi," Baba alisema.

"Ndiyo hiyo. Moyo haisukumi, damu inapanga laini kwa mapafu. Ikikaa hapo maji yake inavuja, inaingia mahali ya hewa. Ukilala, unazama."

Alimwandikia vidonge vya kumkojoza, akanigeukia mimi. Chumvi hushika maji mwilini, alisema. Asionje chumvi. Maji ayapime. Na supu ya mifupa, ambayo alijua tunaipenda, tuisahau.

Tukishuka ngazi Baba alitania kwamba mtu akishakula chumvi nyingi hivi, kumkataza ni kuchelewa. Nilicheka. Nilikuwa na furaha ya kijinga siku hiyo, kwa sababu ugonjwa ulikuwa na jina na dawa yake ilikuwa jambo rahisi, kutotia kitu kwenye sufuria. Nikadhani nimeshamwokoa baba yangu.

Nilikuwa nimewasahau wageni.

Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Akina mama wa kanisa huja na vyondo, vikapu vyao vya kusuka, na ndani ya kila chondo mna chupa ya chai iliyojaa supu ya mifupa, imechemka tangu alfajiri, imekolea chumvi hadi mdomo unawasha, maana supu isiyo na chumvi ni dharau. Wanaomba, wanaimba ubeti mmoja, halafu chupa inafunguliwa na kikombe kinajazwa mbele ya macho ya wote. Mgonjwa anakunywa. Wao wanamtazama anavyokunywa, na hapo ndipo roho zao zinatulia.

Na Baba alikuwa mzee wa kanisa. Walikuja wengi.

Mmoja wao, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, ndiye aliyekuja mara nyingi kuliko wote. Alikuwa anauza mitumba Kawangware, na alikuwa akichelewa kufungua kibanda chake ili supu iive.

"Daktari amekataza chumvi," nilimwambia siku ya kwanza, kwa upole niliokuwa nao.

"Hiyo nimeweka ni ya kuonja tu," alijibu. "Sasa atapata nguvu wapi? Si unaona vile amekonda shingo?"

Siku nyingine nilisema kwa sauti, mbele ya kundi zima, kwamba supu inamjazia maji mapafuni. Mama alinivuta jikoni.

"Unataka waseme tunajivuna? Ati supu yao ni mbaya?"

"Nataka Baba apumue."

"Na mimi nataka nini?" Mama aliuliza, akaanza kulia, akapangusa macho kwa leso na kurudi kuwapa wageni chai. Kutoka sebuleni nilimsikia Baba akisema lile neno lake alilomwambia kila aliyempa kikombe: "Iko sawa kabisa, mama. Asante."

Niliwachukia. Nasema wazi. Nilizichukia chupa zile zenye maua na wale wanawake wema. Kila jioni nilipotoka kazini nilihesabu vyondo barazani kabla sijamtazama yeye usoni.

Jioni moja nilimkabili. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau iliyoiva, na aliongea maneno machache kisha anatafuta hewa.

"Baba, si daktari alikueleza ukaelewa?"

"Nilielewa."

"Basi kwa nini unakunywa?"

Alipumzika kwanza.

"Miaka hiyo yote ni mimi nilikuwa nabebea watu chupa," alisema. "Kuna mzee mmoja hapo Kinoo alikataa yangu. Alisema vizuri tu, kwamba tumbo haitaki. Nilirudi nayo imejaa, nikitembea polepole isimwagike." Akatafuta hewa tena. "Siwezi kumrudisha mtu hivyo."

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haipunguzi maji mapafuni.

Jumapili iliyofuata nyumba ilijaa hadi barazani. Jumatatu asubuhi alianza kukohoa povu lenye rangi ya waridi, na kifua chake kililia kama birika linalochemka. Tulimwingiza kwenye pikapu ya jirani mwingine, Mama upande mmoja, mimi upande mwingine, tumemshikilia akae wima. Magari yalikuwa yamerudi nyuma hadi Kangemi. Hapo, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, moyo wake uliacha kusukuma, na kifua kikanyamaza.

Jioni hiyo watu walikuja kama kawaida, na chupa zao. Niliketi kwenye kochi lake kwa sababu hapakuwa na kiti kingine. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu akinipa supu nitaimwaga mbele yake, wote waone.

Jirani wa ng'ambo ya ua alikuja akapiga magoti mbele yangu. Macho yalikuwa yamemvimba. Alijaza kikombe, akanipa, kisha akabaki pale pale akinitazama mdomoni.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikanywa. Chumvi ilikuwa ile ile.

"Iko sawa?" aliniuliza.

"Iko sawa kabisa, mama," nilisema. "Asante."

Akafungua chupa tena, nami nikamsogezea kikombe.