Kebo Isiyokuwa Kwenye Mchoro

Kituo cha umeme wa jua kilipokuwa kinajengwa, wafanyakazi walikuwa mia na ushee. Mwanamke mmoja na mumewe walikuwa kwenye kikosi cha mitaro. Mume alichimba, mke alifuata nyuma akimwaga mchanga laini juu ya kebo, akipanga mabamba ya zege, kisha akitandaza utepe mwekundu ulioandikwa HATARI, ili atakayechimba baadaye akutane na utepe kabla ya umeme. Wenzao wakambatiza Bi Utepe, jina likamganda.

Ujenzi ukaisha, watu wakatawanyika. Mwaka uliofuata mumewe akafariki kwa ugonjwa wa ini. Bi Utepe akapewa kazi ya kukagua njia za kebo upande wa mashariki, peke yake. Kila asubuhi alipita katikati ya safu za paneli akinyoosha vigingi vya alama ya kebo vilivyoinama, akifukia mashimo ya mafuko wanaotafuna nyaya, na mvua ikinyesha, akirudishia udongo uliosombwa. Redio ya mkononi ililia mara mbili kwa siku, ofisi ikimtafuta.

"Mashariki, upo?"

"Nipo."

Basi, maongezi ya siku yameisha. Siku moja aliinamia shimo la fuko akauliza, "Na wewe huchoki?" Akacheka, halafu akaona haya, utadhani kuna aliyemsikia. Nyumbani alipika kikombe kimoja cha mchele, na bado kilibaki. Mwanawe alipiga simu Jumapili, mbio mbio: "Mama, mzima? Haya, tutaongea."

Asubuhi moja akakuta katapila limeinua kijiko kuchimba mtaro wa maji ya mvua, mahali ambapo hapakuwa na kigingi hata kimoja. Alikimbia, akasimama mbele yake mikono juu.

"Mama, toka hapo!" dereva alipiga kelele. "Mchoro unaonyesha hapa ni patupu."

"Mchoro haukuwepo siku tunafukia. Tulikutana na mwamba kule, tukazungusha kebo huku. Zima."

Dereva akampigia mhandisi. Mhandisi alikuja na karatasi zake, akazikunjua, akazikunja, akamtazama yule mama aliyekuwa bado hajasogea.

"Una uhakika?"

"Nilikanyaga mchanga wake kwa miguu hii. Kateni umeme kwanza, nipeni sepetu."

Umeme ulipokatwa na kupimwa, alichimba taratibu, kidogo kidogo. Kina cha mkono mmoja, utepe mwekundu ukachungulia, rangi yake bado kali. Chini yake, mabamba. Dereva akaketi chini palepale, kofia mkononi.

"Ningekuwa maiti saa hizi," alisema.

Mchana dereva alimkaribisha Bi Utepe chai ya chupa, wakakaa kwenye kivuli cha katapila. Alimweleza habari za binti yake mkorofi asiyetaka kuchanwa nywele, na Bi Utepe akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake mtaro ulihamishiwa pembeni, ukakamilika, na dereva akaondoka na mtambo wake. Alipunga mkono kutoka mbali.

Mhandisi akaagiza njia zote zipimwe upya. Kwa wiki tatu Bi Utepe alitembea na mpima ardhi, msichana mwenye maswali yasiyoisha, akimwonyesha kila kona waliyoipinda yeye na mumewe. Siku ya mwisho msichana alimkumbatia, akapanda gari. Bi Utepe alibaki amesimama getini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alichokuwa akikijua peke yake sasa kilikuwa kwenye karatasi, na redio ikalia mara mbili kwa siku kama zamani.

Alivumilia miezi miwili, kisha akaenda ofisini.

"Nasikia mnajenga kituo kingine. Nihamishieni kwenye mitaro."

"Mama, ile ni kazi ya kuvunja mgongo," mhandisi alisema. "Hapa umetulia."

"Nimetulia mno, mwanangu."

Walimkubalia awasimamie watandaza utepe. Siku ya kwanza, saa ya chakula, watu hamsini waliketi makundi makundi, wakitaniana kwa sauti. Bi Utepe alisimama na sahani yake, hajui aanzie wapi. Ulimi ulikuwa umeshasahau maongezi. Akaenda kukaa peke yake kwenye rundo la mabamba.

Mwanamke mmoja mwenye mchanga mpaka kwenye nyusi akamgeukia.

"Shangazi, jua lote hilo la nini? Njoo huku, tutabanana."

Akanyanyuka, akaenda.