Kichupa cha Bi Rosa

Wallahi, sikujua kwamba siki huwa na umri.

Mimi huchonga vinyago Bombolulu, na mwezi ujao napeleka mzigo kwenye maonyesho Italia. Bi Rosa, Mwitaliano aliyezeekea Bamburi, alinialika chakula cha mchana aniandikie pa kula vizuri kwao: Bologna, Parma na Modena. Akaniandikia migahawa sita. Nikaihesabu mara mbili, ikawa sita kweli.

Akaleta changu wa kukaanga na kichupa cheusi, kidogo kama cha wanja. Akadondosha tone moja juu ya samaki wake. Moyoni nikasema, bibi huyu bahili, hata siki anaipima! Alipoingia jikoni kuchukua mkate, nikakipindua kichupa juu ya sahani yangu, nikakitikisa mpaka kikakauka.

Lo! Ilikuwa tamu, tena kali, nzito kama asali. Nikatafuna polepole nisije nikaimaliza.

Bi Rosa akarudi, akakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Mwanangu, umeimwaga yote?"

"Usijali, mama. Kesho nakuletea chupa mbili za siki kutoka soko la Kongowea. Bei niachie mimi."

Akaketi taratibu. "Hii baba yangu aliitia kwenye pipa huko Modena siku niliyozaliwa. Nina miaka sabini na minane. Ndiyo iliyokuwa imebaki."

Nikaihesabu ile miaka, nikairudia. Yote ilikuwa sahanini mwangu, imezunguka miiba ya changu.

Akanisukumia mkate nifute sahani. Kisha akaivuta karatasi yangu, akaufuta mstari wa Modena.

"Huko," akasema, "ushakula."