Moshi wa Siku ya Hesabu

Nilitoka Kibomet, mtaa wa Kitale, na hotuba ya mwalimu mstaafu tayari mdomoni. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa la huko kilikuwa kinamsomesha msichana mmoja wa Malakisi tangu mama yake afariki, na sasa nilikuwa nimepigiwa simu kwamba kesho hatakwenda kufanya mtihani wa hesabu. Mtihani wa kitaifa! Nilifika Malakisi jioni nikiwa nimefura kwa hasira.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya nyanya yake, amechutama, anasukuma kuni kwenye mdomo wa tanuri. Ndani ya banda la udongo lililopashwa joto na tanuri hilo, majani ya tumbako yalining'inia mpaka darini. Moto huo hauachwi mchana wala usiku hadi majani yakauke. Ukipungua, yanaharibika na mnunuzi anayakataa. Ukizidi, banda zima linaungua. Nyanya macho yalikuwa yamemwishia kwa moshi wa miaka mingi, kipimajoto hakioni. Majirani nao walikuwa na mabanda yao.

"Mwarimu, mimi sikatazi mtoto shule," nyanya alisema kabla sijafungua mdomo. "Lakini hii moto hairari. Tukikosa hii majani, utamsomesha akikula nini?"

Hotuba ikaniishia. Nikajisikia nikisema, "Nitauchunga mimi."

"Wewe? Si watu ya Kitale mnajua mahindi tu, bana!"

Asubuhi msichana akanionyesha kwenye kipimajoto: joto lisishuke chini ya hapa, lisipite hapa. Akaondoka akigeukageuka. Shule yao iko ng'ambo ya mto, kilimani, na madirisha yake yanatazama boma hili moja kwa moja.

Nililisha ule moto kama mtu anayepikia wageni wa harusi. Kabla ya saa nne rundo la kuni kavu lilikuwa limekwisha. Nikachukua zile za kando ya ua, zilizonyeshewa usiku. Moshi mweupe, mzito, ukapanda, na kipimajoto kikaanza kushuka. Nilijua msichana anauona moshi ule kutoka darasani, na nilimjua mtoto yule: angetupa kalamu aje mbio.

"Umeweka mbichi," nyanya alisema kutoka kitini, akinusa. "Toa hiyo! Ingia kwa nyumba, vunja kitanda."

"Kitanda gani?"

"Ya mama yake. Hakuna mtu anarara huko."

Nilikwenda hadi mlangoni, nikasita.

"Harakisha!" akafoka.

Nikakiburuta nje, nikakipiga shoka. Kilikuwa kikavu kama mfupa. Moto ukashika, moshi ukawa mwembamba, kipimajoto kikapanda polepole. Nililia, wala sikusingizia moshi.

Kila mara nilitazama njia ya mtoni nikitarajia kumwona anakimbia. Hakutokea mtu. Alikuja alasiri, akitembea, akaenda kwanza kwenye kipimajoto, ndipo akatusalimu.

"Uliona moshi?" nyanya alimuuliza.

"Niliona, Kukhu. Mweupe."

"Na ukafanya nini?"

Msichana akatazama viatu vyake. "Niliendelea kuandika. Nikasema tu, kama ni kuharibika, iharibike."

Nilisogea karibu naye, tayari kumkinga. Majani yale ndiyo yaliyokuwa chakula chao, na hapa mtoto anasema waziwazi kwamba aliyaacha. Nyanya aliinama, akapapasa chini kando ya kiti chake mpaka mkono ukagusa mguu wa kitanda, kipande pekee kilichokuwa kimebaki. Msichana akakitambua, akajiziba mdomo.

"Kesho ni mtihani gani?" nyanya akauliza.

"Sayansi, Kukhu."

Nyanya akaupangusa ule mguu kwa kitenge chake, akauweka mikononi mwangu.

"Mwarimu, hii ni ya sayansi. Na usimalize kuni yote kabla ya saa nne tena."