Mume wangu alinisingizia wino ili amlinde Upendo

Admin, naomba unifichie jina, maana ukoo wangu wote uko kwenye ukurasa huu na shangazi zangu wanasoma mpaka komenti. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, naishi Soweto hapa Moshi. Mimi na mume wangu tuna duka la steshenari. Tunatoa kopi, kadi za harusi, na zaidi sana ratiba za mazishi, zile zenye picha ya marehemu. Wivu ninao, nasema mapema mtu asinisumbue. Lakini someni kwanza.

Pale dukani mume wangu anakaa kwenye kompyuta, mimi najaza wino. Kuna wino wa dye, ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kama juisi, na kuna wa pigment, ambao una chembe ndogo sana zinazoelea. Katriji yetu nyeusi ni ya pigment, kwa sababu huko juu mlimani manyunyu hayaishi na maandishi ya dye yakilowa yanatiririka. Ukimimina dye juu ya pigment, wino unaweza kuganda na kuziba kichwa cha printa. Mume wangu nimemwambia hayo mpaka akawa ananimalizia sentensi.

Mwaka huu akaja Upendo. Alisoma sekondari moja na mume wangu, akaolewa Dar, akaachika, akarudi kufungua duka la vifaa vya ofisi upande wa Mawenzi. Alikuwa anatuletea karatasi na wino mwenyewe, hatumi mtu. "Nimemletea kaka yangu mzigo," anasema. Kaka gani anapigwapigwa begani kila neno? Mume wangu akaanza kunyoosha shati hata siku ya Jumanne. Mimi nikimpelekea chai anasema iache hapo, ila chupa ya wino ya Upendo inapokelewa kwa mikono miwili. Nilipomuuliza akasema, "Mama Kelvin, unaona mambo ambayo hayapo." Lakini roho ilikuwa inaniuma kila nikisikia gari lake linapaki.

Basi baba yangu mdogo akafariki. Huyu ndiye aliyenilea baba yangu alipoondoka duniani. Nikapanda Machame, kwetu mlimani, kusaidia msibani, nikawaahidi ndugu kwamba ratiba zitatoka dukani kwangu, nikamwachia mume wangu azichape. Asubuhi ya mazishi kaka yangu akashuka kuzichukua, akarudi mikono mitupu. Sisi wanawake tulikuwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba. Akasimama mbele ya wote akasema, "Shemeji anasema ulikosea kujaza wino kabla hujapanda huku. Printa imekufa."

Katriji ile sikuwa nimeigusa. Ningemwita mume wangu mwongo mbele ya ukoo, siku ya msiba? Shangazi akasema bila kuniangalia, "Wa nje anawachapia vizuri. Sisi wa kwake ndio tunakosa." Baba mdogo akazikwa kwenye kihamba chake, shamba la urithi la nyumbani, bila karatasi hata moja yenye sura yake. Kila aliyeulizia ratiba alionyeshwa mimi.

Niliposhuka mjini nikaenda moja kwa moja dukani, nikatoa katriji nyeusi, nikavuta wino kwa sindano. Ulikuwa umekatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Kwenye ndoo ya taka nikakuta chupa kutoka kwa Upendo, imeandikwa dye. Nikamwekea mume wangu mezani.

Hakubisha. Alisema wino uliisha katikati ya kazi, Upendo akawa amefika, akasema mweusi ni mweusi, akajaza mwenyewe. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini ulinitaja mimi?"

Akasema, "Ningemtaja Upendo, ndugu zako wangemchafua mji mzima, na biashara yake bado changa. Wewe ni mtoto wao, watakusamehe."

Jamani, heri angeniambia ananichukia. Alikuwa na majina mawili mdomoni, la mkewe na la Upendo, na la kutupa likawa langu. Mwanaume hamfikirii hivyo mwanamke anayemuuzia wino tu.

Nikahamia chumba cha watoto. Jumapili baada ya ibada akaja na mama yake, ameshika jani la isale. Kwa wasiojua mila zetu Wachaga, mtu akikuletea isale kuomba msamaha hukatai, na ukishalipokea kesi imekwisha, hulifukui tena jambo lile. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Isale halirudishwi, unajua."

Nikamgeukia mume wangu. "Unaomba msamaha wa nini?"

"Wa wino. Na kukusingizia."

"Na Upendo?"

Akamtazama mama yake kwanza. "Upendo anaingiaje hapa?"

Nikasema nimeacha sufuria jikoni, nikaondoka, sikurudi mpaka mama alipoaga. Waliliacha jani mezani. Nimelitia kwenye glasi ya maji lisinyauke, kwa sababu sijui nitajibu nini. Nikilipokea, nimesamehe na lile ambalo hajalisema, na sitakuwa na mdomo wa kumuuliza tena maisha yangu yote. Nikilirudisha, mimi ndiye niliyevunja mila, na pande zote mbili zitanigeuzia mgongo, ndugu zangu wakiamini bado kwamba nilimharibia baba mdogo mazishi.

Leo asubuhi mume wangu ameingia dukani anatabasamu, amebeba chupa mpya. Safari hii ni pigment, nyeusi, sahihi kabisa. Nikamuuliza amenunua wapi.

Akasema, "Mawenzi." Kule kule kwenye duka la Upendo.

Jani bado bichi pale mezani nyumbani. Ndugu zangu mnaosoma, hasa mnaoijua mila hii, nishaurini: nilishike au nilirudishe?